Kimya Kati ya Nyimbo

Unayo CD ile ya kwaya. Usigeuze shingo kana kwamba nasema na aliye nyuma yako. Iko kwenye droo pamoja na betri zilizokufa na funguo ambazo hakuna anayejua ni za wapi, au iko ndani ya gari, au uliihamishia kwenye simu ukaisahau. Kwenye jalada kuna wanawake wenye majoho ya bluu, warefu nyuma na wafupi mbele. Umeisikiliza ukipiga pasi. Umeipiga harusini na umeipiga msibani, maana nyimbo zake zinakaa kote kuwili. Na kila wimbo ulipokwisha ulifuata mwingine papo hapo, bila hata nafasi ya kumeza mate, na wewe hukujiuliza ni kwaya gani hii isiyovuta pumzi.

Fundi Kamili alijiuliza. Alichelewa, lakini alijiuliza.

Kibanda chake kilibanwa kati ya kinyozi na mshona viatu. Ndani mlikuwa na kompyuta iliyovuliwa ubavu ili ipate hewa, feni ya mezani iliyofungwa kamba shingoni, na kitambaa laini cha kufutia miwani, ingawa mwenyewe hakuvaa miwani. Jina la Kamili alipewa na wateja, kwa sababu kazi ikiisha hakusema asante wala karibu tena. Alisema "kamili," akakukabidhi.

Kazi yake ilikuwa kunakili CD za muziki bila kupoteza chembe ya sauti. Aliifuta CD kwa mstari mnyoofu, kutoka kwenye tundu la katikati kwenda ukingoni. Hakuizungushia mkono kama anayesugua sahani, kwa kuwa mkwaruzo wa kuzunguka hufuata njia ya sauti na kuila yote. Aliiamuru kompyuta isome polepole, kisha isome tena palepale, kisha ilinganishe masomo hayo mawili. Yasipolingana, irudie hadi yalingane. Hakuibana sauti ili faili liwe dogo. Kuibana sauti, alisema, ni kama kumkunja mtu aenee sandukuni: ataenea, ila akitoka usimwambie acheze. Baada ya hapo ndipo alipochoma CD mpya, kwa mwendo wa pole, na hiyo mpya akailinganisha na ya zamani toka mwanzo hadi mwisho, pamoja na sehemu zisizo na wimbo, kwa kuwa kwa kompyuta hata kimya ni kitu, nacho huandikwa.

Jambo moja hakulifanya. Hakusikiliza. Mafundi wa aina yake hawasikilizi. Sikio lina upendeleo, alisema; kulinganisha hakuna upendeleo.

Ng'ambo ya barabara alikaa mshindani wake, Chapuchapu, ambaye alinakili CD huku akila, akiongea na simu na kumchana mteja mwingine kwa maneno. Nusu ya mtaa ilikuwa na kazi za Chapuchapu. Zilisikika kama mtu anayeimba akiwa amefunikwa blanketi.

"Unaatamia hiyo?" Chapuchapu alimpigia kelele kila alipomwona ameinamia mashine.

"Naisoma."

"Ikianguliwa uniite nije na mtama."

Mchana mmoja Mama Mkwe alikuja kibandani. Alikuwa mwimbishaji wa kwaya tangu enzi za ujana wake, mwanamke mwenye kifua cha kuimba na mgongo ulionyooka. Alikalia kiti cha wateja, akafungua kitambaa cha kichwa alichokikunja mara nyingi, akatoa CD. Ilikuwa ile ya kwanza kabisa, iliyochomwa siku ileile kwaya iliporekodi. Nyingine zote zilitokana na hiyo, nakala ya nakala ya nakala. Upande wake unaong'aa ulikuwa umeanza kubanduka ukingoni, kama rangi ya kucha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea kazi, lakini usinifanyie ukamilifu wako."

"Una kasoro gani ukamilifu wangu?"

"Kwaya inataka kuadhimisha ile siku tuliyorekodi. Kila mmoja apate nakala, sauti iwe kama siku ile. Sauti tu. Kati ya wimbo na wimbo mna kimya. Kitoe. Kinakula nafasi."

"Nafasi ipo tele, mama. Kimya hakina uzito."

"Wewe kitoe tu," alisema Mama Mkwe, akiiangalia feni.

Kamili alicheka moyoni. Alimheshimu mama wa mkewe katika kila jambo isipokuwa yanayohusu kompyuta. Kukata kimya ni kazi ya Chapuchapu. Aliifuta CD kutoka tunduni kwenda ukingoni, akaiacha isomwe na kusomwa tena hadi masomo yakakubaliana hata pale palipobanduka, akachoma nakala za kwaya nzima, akalinganisha kila moja. Hapakuwa na tofauti. Alisema "kamili" peke yake, kibandani, akazigawa siku ya mazoezi.

Moja aliipeleka nyumbani. Mkewe alikuwa amerudi zamu ya asubuhi, anapiga pasi aproni yake ya kazi. Wimbo wa kwanza ukapigwa. Ulikuwa mzuri. Ungeweza kusikia majoho yakisuguana. Ukaisha, kimya kikaja, na ndani ya kimya mlango wa uani ukagongwa.

"Kafungue, mimi nimeshika pasi," alisema mkewe.

Kamili akafungua. Mlangoni alisimama mwanamke mwenye futi ya kupimia nguo shingoni na mikono ya gauni iliyoungua hadi kwenye kiwiko. Alinuka kitambaa kilichoungua, ile harufu ya pasi iliyosahauliwa, kwa hiyo mwanzoni Kamili aliitazama pasi.

"Hodi hapa. Dada yupo?"

"Hayupo, amekwenda kwake. Shikamoo, mama mdogo," alisema mkewe, maana alimtambua. Ni mdogo wake Mama Mkwe. Alifariki katika moto wa kiwanda mkewe Kamili akiwa bado anavaa sare za shule.

"Marahaba. Umekua. Umekuwa na nyonga za mama yako." Aliketi kwenye kiti kilicho karibu na mlango, akaomba maji, akayanywa yote. Kisha akauliza, "Ule mlango wa nyuma walishaufungua?"

Mkewe aliendelea kupiga pasi mahali palipokwisha kunyooka. Wimbo wa pili ukaanza, na kiti kikawa kitupu. Kilikuwa na majivu kidogo. Aliyapangusa.

"Gilasi sijui niioshe," alisema.

"Ioshe," alisema Kamili.

Kwa sababu umejizoeza kusahau, utakumbushwa. Kiwanda cha kushona nguo na ukumbi wa kwaya vilitenganishwa na kichochoro. Mlango wa nyuma wa kiwanda ulitokea kichochoroni humo, na kila zamu ilipoanza ulifungwa kwa nje, kwa mnyororo, ili mshonaji asije akatoka na kipande cha kitambaa chini ya gauni. Moto ulianzia mbele, kwenye marobota. Ulianza mchana, kwaya ikiwa ukumbini inarekodi. Baadaye taarifa rasmi ilisema kwamba wafanyakazi walikosa utulivu. Kiwanda kikajengwa upya na mwenye kiwanda yuleyule, kikapakwa rangi ya maziwa, kikawekewa bango jipya lenye ua. Mnyororo haukubadilishwa. Ulikutwa kwenye jivu ukiwa mzima, wala hauna hata kutu, ikaonekana ni hasara kuutupa. Mkewe Kamili alishona humo, cherehani ya safu ya nyuma.

Wiki ile wakagongewa wote waliokuwa na nakala ya Kamili. Kila kimya kilipofika, mlango wa nyumba husika uligongwa, na aliyefungua alimkuta aliye wake: mama, wifi, binti, jirani wa zamani. Kamili hakuwa amepoteza chochote katika CD ile, na wao walikuwamo.

Mtaa ulizoea upesi kuliko ulivyozoea bei mpya ya maji. Watu waliacha milango wazi wimbo ulipokaribia mwisho ili kupunguza usumbufu. Kinyozi alitoa kiti kimoja kibandani kwa ajili ya mkewe wa kwanza, na mkewe wa pili akamshonea kiti hicho mto. Mama mmoja mwenye zulia jipya alilalamika kuhusu majivu, akashauriwa aweke gazeti. Iligundulika kwamba ukibonyeza kitufe cha kusimamisha kimya kikiwa katikati, mgeni anabaki. Basi kulikuwa na nyumba zilizokula chakula cha mchana na marehemu wao, mashine imesimama, taa yake nyekundu inapepesa. Wageni hawakuwa na makuu. Ukiwapa sindano walipandisha pindo, walikaza vifungo. Walikuwa mafundi, mikono yao haikujua kukaa bure.

Ila wote waliuliza swali lile moja, kila mara, kwa upole uleule: ule mlango wa nyuma walishaufungua?

"Wanalishughulikia," mwingine alijibiwa.

"Iliundwa kamati, mama."

"Kula kwanza, chakula kinapoa."

Kinyozi, ambaye binti yake alikuwa ameajiriwa kiwandani mwezi uleule, alimwambia marehemu mkewe kwamba siku hizi mna feni humo, na madirisha makubwa. Mkewe akauliza tena kuhusu mlango. Kinyozi akakumbuka ameacha mteja na nusu ya ndevu.

Kamili alianza kulala vibaya. Hakuwa na lake la kujutia, alijiambia. Wakati wa moto alikuwa akiishi kwingine kabisa. Hata hivyo kila mgeni aliyekutana naye alimpigia goti la shukrani kwa kumnakili akiwa mzima, na goti lile lilimkaa kifuani kama tonge kubwa. Ndipo siku moja, kibandani, mchana kweupe, akavaa vipokea sauti na kufanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kazini. Alisikiliza. Aliziruka nyimbo, akasikiliza vimya tu.

Katika kimya cha kwanza mlikuwa na kugonga kwa mbali, na benchi likilia chini ya mtu.

Katika kilichofuata kugonga kulikuwa kwa mikono mingi. Mwalimu wa kwaya aliuliza, "Ni nani hao?" Sauti ya mwanamke ikamjibu, imetulia, ina kifua: "Ni wa kiwandani, mwalimu. Hugonga kila siku. Watachoka."

Kamili aliijua sauti ile. Ndiyo iliyomwita mwanangu.

Katika kimya cha baadaye mlikuwa na kukohoa, na mwalimu akisema, "Pandisheni sauti, kinasa sauti kisiwachukue wale." Na cha mwisho hakikuwa na kitu. Hakuna kugonga, hakuna mvumo. Kilikuwa kimya safi, ambacho fundi yeyote angekionea fahari.

Alivua vipokea sauti. Chapuchapu alimwangalia kutoka ng'ambo, akashusha simu sikioni.

Alimkuta Mama Mkwe kibarazani anachambua mboga, redio iko juu.

"Ulisikiliza," alisema Mama Mkwe kabla hajaamkiwa.

"Nimesikiliza, mama."

"Nilikuambia ukitoe."

"Mlijua kwamba ni moto?"

"Hatukujua ni moto. Tulijua wanagonga." Aliondoa jani lililotoboka, akalitupa. "Kila siku waligonga, mwanangu. Mara choo, mara joto, mara mmoja amezimia. Mtu akigonga kila siku hageuki kuwa mwenye shida, anageuka kuwa ukuta. Na kurekodi tulikuwa tumepewa siku hiyo moja tu."

"Na mama mdogo alikuwa humo."

"Zamu yake ilikuwa asubuhi. Alibadilishana na mwenzake, hakuniambia. Mimi nilijua yuko nyumbani ananiwekea chakula."

"Ungejua kwamba yumo?"

"Ningeufungua," alisema Mama Mkwe mara moja. "Mnyororo haukuwa hata na kufuli. Ulikuwa umening'inizwa kwenye kulabu, huku kwetu, kichochoroni. Ni kunyoosha mkono tu."

Wote wawili walisikia alichokisema. Redio ilitangaza hali ya hewa. Mama Mkwe akaendelea kuchambua, lakini sasa alitupa majani mazima na kubakiza mashina.

Baadaye akasema, "Niwekee ile CD. Sijaipiga. Ninaogopa mlango wangu mwenyewe."

Kamili akaiweka. Wimbo wa kwanza ulipokwisha mlango ukagongwa, na Mama Mkwe akaufungua kwa mkono wake, na Kamili akasimamisha mashine. Mdogo mtu akaketi karibu na mlango, kama kawaida yake. Alikuwa kijana kuliko Kamili. Alimtazama dada yake alivyozeeka, akatabasamu.

"Dada, siku ile uliimba. Sijapata kukusikia umeimba vile."

Mama Mkwe akavuta kiti, akaketi karibu naye.

"Tulikuwa tunawasikia vizuri, ukuta ule mwembamba. Wengine walitaka tugonge mfululizo. Mimi nikawaambia, wakiimba hawatusikii, tutajichosha bure. Tusubiri wimbo uishe. Tugonge kwenye kimya, tutasikika." Akachukua ncha ya kitenge cha dada yake iliyofumuka, akaitazama. "Una sindano?"

Mama Mkwe akampa sindano. Alipandisha pindo lile kwa mshono mdogo uliolala sawasawa, akakata uzi kwa meno.

"Mlango wa nyuma, dada. Walishaufungua?"

"Bado," alisema Mama Mkwe. Katika mtaa mzima ni yeye peke yake aliyelitamka neno hilo.

"Haya," alisema mdogo wake, kama mtu aliyeambiwa chai haijaiva.

Kesho yake Kamili alikwenda kichochoroni. Mnyororo ulikuwepo, umezungushwa kwenye kitasa, pete yake ya mwisho imekaa kwenye kulabu. Kwa ndani cherehani zilinguruma, na ya mkewe imo. Aliushika. Ulikuwa na uvuguvugu wa jua. Mlinzi alitokea kwenye kona na kikombe mkononi.

"Fundi, unatafuta pa kujisaidia?"

"Hapana. Naangalia huu mnyororo."

"Mzuri, eh? Siku hizi hawatengenezi hivi."

"Kwa nini msiuondoe?"

"Mimi? Mimi ni mlinzi, shemeji, nalinda." Alikunywa kidogo. "Wewe uondoe, sikuzuii. Nitawaambia tu ni mume wa nani."

Jioni Kamili alimsimulia mkewe. Mkewe alikuwa anaweka aproni kwenye msumari.

"Ukiutoa, kesho watauliza ni nani, kesho kutwa sina cherehani," alisema. "Na utarudishwa. Wanayo kulabu, wanayo mikono." Kisha akasema, bila kumtazama, "Lakini ungeutoa ningeshukuru." Akazima taa ya jikoni. Kamili hakuutoa.

Kwaya ikakutana. Hakuna aliyepandisha sauti. Mweka hazina alisema wageni wanakaribishwa, ni ndugu, ila maadhimisho yanahitaji utulivu. Mwingine akasema kwamba kukumbuka ni kuzuri kukiwa na mpango. Mwalimu wa kwaya, ambaye sasa alitembelea fimbo, alisema yeye hasikii vizuri tangu zamani. Mama Mkwe aliomba neno, akasimama na pindo lake lililonyooka, akasema, "Tukautoe ule mnyororo, sasa hivi, sote na majoho yetu." Wakampigia makofi. Halafu wakapitisha kwamba CD itolewe upya, sauti ileile kamili, bila vimya.

Kazi wakampa Kamili, kwa kuwa ndiye bora. Aliifanya. Alikata kila kimya, akaunganisha pale wimbo ulipokoma na pale uliofuata ulipoanza, kwa ustadi ambao hata yeye mwenyewe asingeugundua, akachoma, akalinganisha. Kompyuta ikamwonyesha tofauti, ikauliza kama anataka kuendelea. Akakubali. Alipoikabidhi hakusema kamili. Alisema, "Haya." Chapuchapu akaichukua na kuisambaza mtaa kwa mtaa, mji kwa mji, hadi ikakufikia wewe.

Milango ikaacha kugongwa. Kinyozi akakirudisha kiti kwa wateja. Mto ule aliuacha. Mwenye zulia akaondoa gazeti.

Kwa Kamili peke yake nakala ya kwanza bado hupigwa, mchana, mlango wa uani ukiwa wazi. Mama mdogo huingia, hunywa maji, hutengeneza kinachofumuka, huuliza, huambiwa bado. Mama Mkwe huja na kuketi naye, na husema huwa wanapiga soga kama zamani. Kiti kina doa la jivu ambalo halitoki tena, na familia imeacha kuhangaika nalo.

Jingine limezuka, nalo halimo katika CD yoyote. Kwaya hufanya mazoezi ukumbini palepale. Wimbo unapokwisha, kabla mwalimu hajainua mkono, kichochoro huwa kimya kidogo. Anayepita husikia kugonga kutoka ndani ya kiwanda. Mara choo. Mara joto. Mara mmoja amezimia. Hao hawajafa. Mmoja wao ni mke wa Kamili.

Sasa hivi ni zamu ya mchana. Marobota yamerundikwa mbele, palepale. Mnyororo uko upande wa kichochoroni, upande wako, nao hauna kufuli, haujawahi kuwa na kufuli. Zima hicho unachosikiliza. Usiende kuuliza, usiende kuangalia, usiunde kamati. Vaa viatu, nyoosha mkono, toa ile pete kwenye kulabu, na mnyororo ukautupe mbali mahali ambapo hautaokotwa. Nenda, wimbo umekwisha na mwalimu anainua mkono.